Mamba Alibaki, Buibui Wakafukuzwa

Capcom, kampuni ya gemu ya Japani, walipoitengeneza upya Resident Evil 2, gemu yao ya kutisha ya mazombi, na kuitoa Januari 2019, sifa zilimiminika, na nyingi zilikuwa za haki. Kituo cha polisi cha Raccoon City kilirudi na giza lake. Wahusika wakuu, Leon na Claire, walirudi. Lile jitu la koti refu lilirudi likiwa na kofia na baya zaidi, maana sasa linakufuata chumba hadi chumba na vishindo vyake unavisikia hata ukiwa ghorofa nyingine. Lakini sisi tulioicheza ile ya 1998, tulipoanza kuteremka kwenye mitaro ya majitaka, tulikuwa na mgeni wetu tunayemngoja. Tukatembea, tukaangalia juu, tukatembea tena. Hayupo. Buibui wakubwa wa mtaroni, wale waliokuwa wanapanda ukutani na kukutemea sumu, walikuwa wameondolewa kimyakimya.

Utetezi ninaousikia sana kwa mashabiki ni kwamba gemu mpya ilitaka uhalisia. Picha zimekuwa safi mno, kila mkunjo wa ngozi unaonekana, na buibui mwenye ukubwa wa ng'ombe angechekesha. Hoja hii ningeielewa kama ingekuwa imetumika kwa wote. Kwenye mitaro hiyohiyo, ndani ya gemu hiyohiyo, yupo mamba. Mamba aliyevimba kwa virusi mpaka akajaza handaki zima, anayekukimbiza huku anavunja mabomba. Huyo uhalisia haukumgusa. Alipewa mandhari yake, muziki wake na kifo chake cha mlipuko wa gesi. Kama mlango wa uhalisia ni mpana kiasi cha kumpitisha mamba wa namna ile, buibui angepita bila hata kuinama.

Nafasi yao walipewa wale viumbe wa majimaji, uvimbe wenye macho mengi wanaoibuka kwenye maji machafu. Si wabaya. Wanakushika, wanakutapikia, na sumu yao bado inakulazimu utafute mmea wa bluu. Tatizo langu nao ni moja: wanatoka chini na mbele. Unawaona wanavyoibuka, unapiga jicho, unapita. Mchezaji ambaye maisha yake yote ya gemu amefundishwa kuangalia mbele, hapo hafundishwi kitu kipya.

Turudi nyuma kidogo, 1996, kwenye ile ya kwanza kabisa iliyoongozwa na Shinji Mikami. Jumba la Spencer, milima ya Arklay, kampuni ya Umbrella na virusi vyake vya T vilivyowageuza watu na wanyama. Mashine ya PlayStation ya wakati ule haikuwa na nguvu ya kuchora jumba lote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila chumba kilikuwa picha iliyochorwa tayari, na kamera imefungwa mahali: hapa iko kwenye kona ya dari, pale iko chini nyuma ya nguzo. Wewe unatembea ndani ya picha. Ukifika mwisho wake, inakatika na nyingine inakuja kutoka upande mwingine.

Sasa mweke buibui humo. Ukiingia kwenye mapango yaliyo chini ya jumba, jambo la kwanza si kumwona. Unasikia miguu, kwanza kama mchakacho wa mbali, kisha karibu zaidi. Kamera inakuonyesha mgongo wako na hatua nne za sakafu mbele, basi. Yeye yuko mahali fulani ambapo picha hii haifiki, na njia ya pekee ya kujua ni wapi ni kusogea mpaka picha ibadilike. Ukisogea, unaweza kujikuta uko chini yake. Na bunduki yako, kama hujabonyeza kitufe cha kuelekeza juu, inapiga hewa. Vidole vilivyozoea kubonyeza na kufyatua vinagundua katikati ya vurugu kwamba adui huyu hayuko usawa wa kifua kama mazombi. Hapo ndipo hofu ilipo. Ukubwa wake ulikuwa wa kuongezea tu.

Halafu hesabu ya mfukoni. Unachagua mhusika mmoja kati ya wawili: Chris Redfield alikuwa na nafasi sita tu za kubebea vitu, Jill Valentine nane. Bastola moja, fungu la risasi, ufunguo, dawa, tayari umejaa. Ukijua mbele kuna buibui, unapaswa kubeba mmea wa bluu kwa ajili ya sumu, na huo mmea unakula nafasi ambayo ungebebea kitu kingine. Kwa hiyo buibui alikuwa anakuumiza kabla hujakutana naye, pale ulipokuwa umesimama mbele ya sanduku la kuhifadhia vitu ukipanga na kupangua. Ni maadui wachache wanaoweza kukutesa ukiwa bado chumba cha usalama.

Na ukiamua kuwa shujaa, ukamuua, wanamwagika watoto kutoka tumboni mwake. Wadogo wengi, wanatawanyika sakafuni, na wewe ulidhani umemaliza. Nadhani huu ni uamuzi wa werevu kuliko yote iliyofanywa na watengenezaji wale, kwa sababu unaadhibu tabia ya kupiga kila kinachotembea. Baada ya mara moja au mbili unaanza kujiuliza kama kuna ulazima wa kumuua. Mara nyingi hakuna. Unapita pembeni mbio, unaomba Mungu asishuke.

Hata bosi wao, yule waliyemwita Black Tiger, ninachokikumbuka zaidi si mapigano. Mapigano yenyewe ni ya kawaida: dubwana la buibui, unampiga kwa moto au kwa risasi nzito, anakufa. Ninachokikumbuka ni mlango. Utando umeuziba, mnene, na unatakiwa kuukata kwa kisu, kile kisu cha mwanzo ambacho karibu kila mchezaji alikwisha kukitupa sandukuni akakidharau. Unasimama umeupa mgongo ule mwili uliolala, unakata utando pole pole, na hakuna kinachokutokea. Lakini jaribu kukata bila kuwaza nyuma.

Wengi wetu huku hatukufika huko kwa urahisi, lazima niseme. Kwenye vibanda vya gemu ulikuwa unalipia muda, na kwenye foleni nyuma yako kuna watu wanataka mpira. Gemu ya kutisha ambayo inataka uzunguke na kusoma barua za Kiingereza ilionekana ni kupoteza hela. Memori kadi, ya kuhifadhia ulipofikia, ama haikuwepo, ama ilikuwepo imejaa ligi za wengine. Kwa hiyo ulianza upya kila ukija: ukumbi, chumba cha kulia, zombi wa kwanza anageuza kichwa, muda umeisha, pisha. Aliyefika mapangoni alikuwa kaka mmoja mwenye mashine nyumbani, naye alitusimulia kwa mikono. Buibui tulimjua kwa masimulizi miaka mingi kabla ya kumwona, na ninaapa yule wa masimulizi alikuwa mkubwa zaidi.

Kuna jambo hapo linalonifanya nisikubali kirahisi ile kauli kwamba buibui wa kwenye gemu wanatisha kwa sababu binadamu wote wanaogopa buibui. Labda huko kwingine. Nyumba niliyokulia, ya Waislamu wa pwani, buibui hauawi. Ukimwona kwenye kona bibi anakwambia mwache, huyo ndiye aliyetanda utando kwenye mlango wa pango la Thaur, Mtume alipokuwa amejificha humo na Abubakar, waliokuwa wanawafuata wakaona utando haujaguswa wakaondoka. Mtoto aliyelelewa na hadithi hiyo anamwona buibui kama ndugu mdogo asiye na madhara. Ukimtoa, unamtoa kwa ufagio, taratibu, mpaka nje.

Na si hadithi tu. Kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yuko buibui mrukaji anayeitwa kitaalamu Evarcha culicivora, mwenye urefu wa takriban milimita 5, ambaye chakula anachokipenda kuliko vyote ni mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Na kati ya mbu hao, anawachagua zaidi Anopheles, wale wanaobeba malaria. Hawezi kututoboa ngozi akanywa mwenyewe, kwa hiyo anamngoja mbu amletee. Ukiniuliza, huyo ni jirani mwema.

Kwa hiyo mimi sikuingia kwenye yale mapango nikiwa na hofu niliyotoka nayo nyumbani. Hofu niliipata humohumo. Gemu ilimchukua mdudu ambaye sikuwa na ugomvi naye, ikamweka juu ya kichwa changu, ikanifungia kamera, ikaniachia sauti yake. Mtengenezaji akiweza kufanya hivyo kwa mjukuu wa bibi yangu, basi anajua kazi. Na ndiyo maana ninakasirika mtu akisema buibui walikuwa ni ujanja wa bei rahisi, eti unatumia woga ambao watu tayari wanao.

Nirudi kwenye uhalisia, maana upande mmoja hoja ile ina ukweli. Buibui wa namna ile hawezi kuishi. Mchukue buibui wa sentimita 10 umfanye wa mita 2. Umemrefusha mara 20. Uzito wake unaongezeka mara 8,000, lakini unene wa miguu inayobeba uzito huo, yaani eneo lake ukiikata msumeno, unaongezeka mara 400 tu. Kila kipande cha unene wa mguu sasa kinabeba mzigo mara 20 ya ule wa awali. Na miguu ya buibui ina mambo yake: hawana msuli wa kunyoosha viungo vyao vikubwa vya mguuni, wanavinyoosha kwa kusukuma majimaji kutoka mwilini. Ndiyo maana buibui aliyekufa nyuma ya kabati unamkuta amejikunja miguu yote ndani, presha imekwisha. Buibui mkubwa kuliko wote kwa uzito tunaowajua leo, yule wa misitu ya Amerika Kusini anayeitwa Theraphosa blondi, akinyoosha miguu anafika kama sentimita 30. Hapo ndipo hesabu zinapoanza kumbana.

Wanasayansi wenyewe waliwahi kudhani wamepata mkubwa zaidi. Mwaka 1980 kisukuku kutoka Argentina kilitangazwa kuwa cha buibui mkubwa kupindukia na kikapewa jina Megarachne. Picha zake zilizunguka duniani. Mwaka 2005 uchunguzi mpya ukaonyesha kwamba hakuwa buibui kabisa, bali ni jamaa wa wale wanaoitwa nge wa baharini. Jina lenye maana ya buibui mkubwa limebaki naye hadi leo, maana kanuni za majina haziruhusu kulifuta kwa sababu hiyo.

Sawa, hawezi kuishi. Lakini na maiti inayotembea ikiwa imeoza misuli haiwezi kuishi, na bado tumeshaipigia risasi kwa karibu miaka 30. Biolojia hapa ningependa itumike kuongeza hofu. Hebu fikiria buibui mzito kweli, ambaye virusi vimemkuza kupita uwezo wa miguu yake. Dari linalalamika akipita. Vumbi linashuka. Anang'ang'ania kwa shida, mguu mmoja unateleza, na wewe uko chini unajua kwamba ataanguka, hujui lini. Hiyo ingekuwa na mantiki na ingekuwa ya kutisha, na mpaka leo sijaiona ikifanywa.

Wengine wamejaribu njia zao. Limbo ya mwaka 2010, kutoka Denmark, haina rangi kabisa, ni weusi na kijivu. Unamwongoza mtoto msituni, na kuna mti ambao pembeni yake kuna kama matawi yamesimama. Ukikaribia, tawi moja linanyanyuka. Ni mguu. Unainuka taratibu, unasimama juu yako, kisha unashuka kama mkuki. Gemu hiyo haikuonyeshi macho wala meno, inakuonyesha miguu tu na weusi wa mwili nyuma, na inatosha. Baadaye buibui anapoteza miguu yake, hadi mwisho kabisa mtoto anaung'oa mmoja uliobaki na kuubingirisha mwili wenyewe ili apande juu yake kuvuka miiba. Pale nilijikuta namwonea buibui huruma, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya.

Metro: Last Light ya mwaka 2013 ilikwenda upande mwingine. Mahandaki ya treni ya Moscow baada ya vita vya nyuklia, na viumbe waliobadilishwa na mionzi, nusu buibui nusu nge, ambao risasi zinadunda mgongoni mwao. Wanachokiogopa ni mwanga. Unawamulika kwa tochi mpaka wanaungua, wanapinduka chali, ndipo unapiga tumboni. Na tochi yenyewe inaishiwa chaji, inabidi uipampu kwa mkono huku wanakuzunguka gizani. Anayejua adha ya tochi inayofifia usiku umeme umekatika hahitaji kuelezwa zaidi.

Capcom wenyewe, nadhani, wanajua walichokiacha. Wajapani wana buibui wao wa zamani sana. Kuna tsuchigumo, buibui wa ardhini, aliyepigana na shujaa Minamoto no Yorimitsu katika masimulizi ya kale. Mchoraji Utagawa Kuniyoshi alimchora mwaka 1843 akiwa amenyanyuka nyuma ya shujaa aliyelala, anamtandia, na kundi zima la mazimwi nyuma yake. Kuna pia jorōgumo, buibui anayejigeuza mwanamke mzuri ili awanase wanaume. Wasimulizi waliokulia na haya hawakuhitaji kwenda Marekani kutafuta zimwi la kuliweka chini ya jumba la Spencer.

Ndiyo maana nilipocheza Resident Evil 7 mwaka 2017 nilitabasamu nilipofika kwa Marguerite Baker. Ni mama wa nyumba huko Louisiana, ameambukizwa, anafuga wadudu. Lakini kwenye ile banda la mimea kwenye nyumba kuukuu, mikono na miguu yake imerefuka, anatambaa ukutani, anaingia dirishani, anatokea shimo la darini, na tumboni amebeba kiota. Wewe una mtambo wa kurusha moto na unazunguka humo huku sauti yake inahama: kushoto, juu, nyuma ya ubao. Hakuna anayemwita buibui. Mimi nilimtambua palepale. Kila nilichokisema kuhusu mapango ya 1996 kiko humo, na kamera yenyewe imehamia machoni mwako badala ya kufungwa ukutani. Kwa hiyo yule anayedai kwamba buibui hafai kwa picha za kisasa akaanze kulijibu lile banda.

Upo upande mmoja ambao siwezi kuupuuza. Kuna watu ambao woga wao wa buibui ni ugonjwa, si mchezo. Akimwona kwenye skrini mwili unatetemeka na gemu anaizima moja kwa moja. Dawa yake imeshapatikana. Grounded, ambamo watoto wamepunguzwa wakawa wadogo kama sisimizi uani kwao, ina kitelezi kwenye mipangilio: ukikisogeza, buibui anapoteza miguu, kisha meno, mpaka mwisho ni dubwana tu linaloelea. Satisfactory ya Wasweden inakubadilishia buibui kuwa picha ya paka, na ninakuhakikishia picha ya paka inayokurukia ghafla ina kichaa chake. Angalia pia kwamba Grounded walipotaka kuondoa hofu, walianza na miguu. Ukubwa wakauacha ulivyo.

Kitelezi kama hicho hakiwagharimu Capcom kitu kikubwa, na kinamaliza mjadala. Anayetaka paka apewe paka. Mimi nataka siku watakapoirudia tena ile ya kwanza kabisa, mapango yabaki, buibui wabaki juu, watoto wao waendelee kumwagika ukiwa na kiherehere cha kuua, na nafasi za mfukoni zisiongezwe. Black Tiger wanaweza hata kumfupishia pambano, halikuwa na jipya. Ule mlango wenye utando wasiuguse.